Ukurasa wa Kumi na Nne

Maishani mwangu nimeogopa vitu vitatu: mbwa wa jirani, kiti cha daktari wa meno, na ukurasa wa kumi na nne. Mbwa alishakufa. Meno yangu mengi yameng'olewa, kwa hiyo daktari hana tena cha kunitishia. Ukurasa ndio uliobaki, na kwa miaka thelathini na minne nilijipa moyo kwamba mchwa wa ghala la idara walishautafuna zamani.

Jumanne asubuhi nilikuwa nakunja nguo sebuleni, simu ikalia. Alikuwa mwanangu.

"Mama, shikamoo! Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama. Kwani nani kafa?"

"Hajafa mtu. Wiki iliyopita tumelipata daftari lako! Lile la Kisigino. Lilikuwa limeanguka nyuma ya kabati, yaani miaka yote hiyo lipo tu pale. Nimeujua mwandiko kabla hata sijasoma jina."

Nikakaa. Nilikaa juu ya nguo zilizokunjwa, zikakunjuka zote.

"Mchwa hawajalila?" nikauliza, kama mtu asiye na akili.

"Zima kabisa! Sasa sikiliza. Keshokutwa, Alhamisi, gari litakuja kukuchukua. Utaapa mbele ya wakili wa serikali kwamba vipimo ni vyako, ulivisoma mwenyewe. Dakika kumi tu. Halafu mama, ukurasa wa kumi na nne pembeni kuna vistari vya penseli, kumi na kimoja. Hakuna anayejua ni vya nini. Ni alama za mawimbi?"

"Sikumbuki," nikasema.

Nilikumbuka vizuri sana. Nilivikumbuka kuliko siku yangu ya harusi.

Niwaeleze kazi yangu, maana watu wakisikia "idara ya upimaji wa bahari" wanadhani nilikuwa mzamiaji. Mimi nilikuwa msoma maji. Nguzo yenye mistari ya sentimita inasimikwa baharini, wewe unakaa karibu yake kwenye boti, na kila baada ya dakika kumi na tano unatazama maji yamefika mstari gani, unaandika. Kutwa nzima. Hakuna kazi ya kuchosha kama hiyo, na hakuna kazi inayotegemewa kama hiyo, kwa sababu vina vyote vya ramani vinapimwa kuanzia pale maji yanapokuwa chini kabisa. Msoma maji akikosea, bahari nzima imekosewa.

Mkuu wangu tulimwita Bwana Penseli. Alikuwa na penseli moja kila sikio na nyingine mdomoni, na kama ungemwambia kitu bila kukiandika, alikuwa hakusikii. "Kisichoandikwa hakikutokea," ndivyo alivyokuwa akisema, hata ukimwambia una njaa. Alitufundisha tuandike kila kitu tunachokiona, hata ndege akitua kwenye nguzo. Kalamu ya wino alitupigia kelele tukiishika, maana wino ukilowa unatiririka, penseli haitiririki.

Kisigino ni mwamba. Kwenye ramani ulikuwa na jina refu la kizamani, lakini sisi tuliuita hivyo kwa sababu maji yalipotoka ulichungulia kidogo tu, kama kisigino cha mtu anayeoga. Au ndivyo wavuvi walivyotuambia. Bwana Penseli alitaka kujua kwa hakika kama unachomoza siku ya bamvua, maji yanapokupwa kabisa. Akasimika nguzo ubavuni mwake, kichwa cha mwamba kikawa sawasawa na mstari wa sentimita arobaini. Maji yakishuka chini ya arobaini, mwamba uko nje. Yasiposhuka, uko ndani. Akaniacha mimi na dereva wa boti, yeye na wenzake wakaenda na boti nyingine kupima vina mbali huko.

Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili zilizotangulia zilitoka. Sikumwambia mtu pale kazini, nilivaa koti kubwa la mvua na jua lile, nikajifanya nina homa ya baridi.

Saa nne kamili nilisoma hamsini. Nikaandika hamsini. Kisha tumbo likanikata, nikajipapasa chini, nikaona damu. Haikuwa nyingi, lakini kwangu mimi hakukuwa na damu ndogo. Dereva alikuwa kichwa chini ndani ya injini, anatukana skurubu. Sikumwita. Nilijua akiwasha boti, tukirushwa na mawimbi mpaka bandarini, nitampoteza yule wa tatu humo humo njiani. Basi nikalala chali sakafuni mwa boti, miguu juu ya kreti, nikafumba macho. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwenye mwamba. Nikasubiri mtoto acheze.

Nilipoinuka ilikuwa karibu saa sita. Damu ilikuwa imekata. Saa sita kamili nilisoma nguzo: hamsini na moja. Maji yalikuwa yameshashuka na yameanza kupanda, na katikati nilikuwa na nafasi saba tupu, kuanzia saa nne na robo mpaka saa sita kasoro robo. Saba tu. Kila msoma maji amewahi kupika kipimo kimoja au viwili, ukienda haja, ukisinzia. Unajua maji yanavyopinda, unajaza. Nikajaza. Arobaini na mbili, thelathini na sita, thelathini na mbili, thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini na saba, arobaini na tatu. Vilitelemka na kupanda vizuri, kama ngazi za benki. Kufuatana na mkono wangu, Kisigino kilikuwa kimechomoza sentimita tisa.

Bwana Penseli alipoona ukurasa ule alitoa penseli mdomoni. "Huu ndio usomaji," akasema. "Mkono hautetemeki." Akawa anawaonyesha wanafunzi wapya, mwaka baada ya mwaka, mimi nimesimama pembeni nacheka kwa meno. Alikufa akiamini hivyo.

Na mtoto alizaliwa, kilo tatu na robo. Akakua, akasoma, akaja kuwa mchora ramani katika ofisi ya mipaka. Eti alitaka kazi kama ya mama.

Jumatano alasiri alipitia nyumbani akitoka kazini. Alikuwa na furaha ile ya mtu aliyechoka. Kesi yetu na nchi jirani, juu ya nani anamiliki sakafu ya bahari, ilikuwa mbele ya majaji wa kimataifa, na miaka sita ya maisha yake ilikuwa ndani yake. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, mwamba mdogo vile una kazi gani.

Akanyanyua sahani mbili, akaziweka ubavu kwa ubavu ukingoni mwa meza. "Huku sisi, huku jirani." Akachukua uzi kwenye kikapu changu cha kushonea, akauvuta kutoka pale sahani zinapogusana. "Huu ndio mpaka wa baharini. Kila sehemu ya uzi iko mbali sawasawa na ukingo wa sahani hii na hii. Majaji wanaanzia hapo." Kisha akaweka kifuniko cha chupa mbele ya sahani yetu. "Mwamba unaochomoza maji yakitoka, ukiwa karibu na pwani, unahesabika kama pwani. Basi pwani yetu sasa inaanzia hapa." Akausogeza uzi. Ulikwenda upande wa jirani, na kadiri ulivyokwenda mbali ndivyo ulivyozidi kupinda.

"Halafu wamemaliza?"

"Bado. Wanajiuliza kama kuna kitu kinachofanya uzi umwonee mmoja. Kipo, wanausogeza. Mwisho wanalinganisha urefu wa pwani na eneo ambalo kila mmoja amepata, wasije wakampa mmoja chakula na mwingine makombo."

"Na kama mwamba hauchomozi?"

"Basi ni jiwe tu chini ya maji. Halihesabiki." Akaninyooshea kidole. "Sasa hivi hauwezi kupimwa tena, si unajua wamejenga mnara wa taa juu yake? Zege haihesabiki, mama, lazima uchomoze wenyewe ulivyoumbwa. Jirani wanasema ni zege tupu. Kwa hiyo shahidi ni mmoja duniani. Wewe!"

Akacheka, akanikumbatia. Nilijikausha mikononi mwake kama gogo.

"Mbona hivi vijiwe majaji huwa wanaviruka?" nikasema. Nilikuwa nimesikia hilo redioni, nililishika kama mtu anayezama.

"Wanaweza wakauruka hata huu, kama unapinda mstari kupita kiasi. Lakini daftari ndilo hilo hilo lenye vipimo vya pwani yetu yote. Kisigino wakikiruka, tutaishi. Wasipoliamini daftari, tumekwisha." Akaanza kukunja uzi. "Na jirani wamemleta mtaalamu, mzee mmoja, anasoma madaftari ya maji kama daktari anavyosikiliza moyo. Kipimo cha kupikwa anakijua. Anasema bahari ya kweli haijui kunyooka, lazima itetereke kidogo. Ameomba daftari lenyewe, si nakala. Aje tu. Nimeandika kwenye ripoti yangu, kwa jina langu, kwamba nimemjua msoma maji huyu maisha yangu yote na hajawahi kunidanganya."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, naapa nilitaka, na kilichotoka ni, "Utakunywa chai?"

Hiyo ndiyo hofu, wanangu. Si mtu aliyekushikia kisu. Ni kuulizwa na mtu anayekupenda, na ulimi unanata, na chai inachemka.

Alhamisi gari lilikuja saa tatu. Nilivaa gauni langu la heshima na viatu vinavyobana, nikijiadhibu mapema. Ofisi ya mipaka ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba chenye meza ndefu, feni inayolalamika, na ramani ukutani iliyoshikiliwa na pini. Nikauona mstari wa mwanangu: mwekundu, umetokea pwani, umepita Kisigino kwa madaha, umekwenda zake baharini. Palikuwa na nukta ndogo yenye pini pale mwamba ulipo. Niliitazama ile nukta mpaka macho yakaniuma.

Wakili wa serikali alikuwa kijana mwenye heshima na tai iliyomkaba. "Shikamoo mama. Karibu sana. Hii ndiyo hati ya kiapo, uisome taratibu. Nafuata muhuri, narudi sasa hivi." Mwanangu alikuwa chumba cha pili kwenye simu. Mlango ukafungwa.

Juu ya meza palikuwa na hati, glasi ya maji, kalamu, penseli yenye kifutio kichwani, na daftari langu.

Hati ilisema: mimi, niliyetajwa hapo juu, nilisoma kila kipimo katika daftari hili kwa macho yangu mwenyewe. Nikalifungua daftari. Ukurasa wa kumi na mbili: bahari inatetereka, sabini na saba, sitini na moja, hamsini na nane. Ukurasa wa kumi na tatu, vivyo hivyo. Ukurasa wa kumi na nne: ngazi za benki. Hata mtoto angeona. Jasho jembamba likanitoka mgongoni na feni inazunguka.

Kwanza nikaitazama glasi. Mzee kama mimi, mikono inatetemeka, maji yakimwagika nani atamlaumu? Mkono ulishafika kwenye glasi ndipo nikakumbuka: penseli haitiririki. Ndiyo maana tuliandika kwa penseli. Nusura nicheke. Bwana Penseli alikuwa amenifungia mlango tangu enzi zile.

Basi nikaishika penseli. Nikajiambia, si lazima ufute vyote. Tetemesha tu kidogo. Weka arobaini na nne pale, thelathini na tano pale, bahari ionekane bahari. Nikageuza kifutio, nikafuta ile thelathini na mbili ya kwanza. Ilitoka kirahisi ajabu, baada ya miaka yote ile, ikaacha mahali peupe na vumbi la mpira.

Sijaandika kitu, mlango ukafunguka. Mwanangu aliingia anacheka na simu mkononi.

"Wale jamaa wa mahakama! Wanahakikisha tu. Picha za kurasa zote walizipata Jumatatu, zinasomeka vizuri. Mtaalamu wa jirani ameshaanza..."

Hakumaliza. Alikuwa anatazama mezani. Huyu mtoto tangu akiwa mdogo anatazama mara mbili. Alitazama penseli mkononi mwangu. Akatazama vumbi la mpira. Akalipangusa kwa kidole kimoja, polepole, akaona mahali peupe.

Roho iliniruka. Kwa muda ule sikumwogopa jaji wala jela. Niliogopa uso wa mwanangu, kwa sababu ulikuwa unaondoka. Ulikuwa pale, lakini ulikuwa unaondoka.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Umefanya nini?"

Nikamwambia. Maneno yalitoka ovyo ovyo, kreti, damu, injini, saba, koti la mvua, yote kwa pamoja, mpaka akaniambia, "Anza mwanzo." Nikaanza mwanzo. Hakukaa. Alisimama amelishika daftari kifuani, macho yake kwenye mstari mwekundu ukutani.

"Mimi nimeandika jina langu," akasema nilipomaliza.

"Najua, mwanangu."

"Miaka sita. Ungesema jana. Jana tu, mama, pale mezani. Jana ungekuwa mtu aliyekosea zamani. Leo umefuta ushahidi."

Alikuwa anasema kweli.

"Niambie kitu kimoja. Mwamba ulikuwa nje au ndani?"

"Sijui."

"Ulikuwa hatua kumi!"

"Sijui, mwanangu. Mpaka leo sijui. Nilikuwa nimefumba macho."

Wakili alirudi na muhuri wake. Mwanangu alimwambia yote, kwa ufupi, bila kunitetea na bila kunisukumia lawama. Yule kijana akalegeza tai. Alisema Kisigino itabidi tukiondoe wenyewe kabla ya kuondolewa. Alisema serikali ikieleza kila kitu, pamoja na kile kilichofutwa asubuhi ile, huenda majaji wakaviamini vipimo vingine. Tukificha hata kimoja, hawataamini hata jina la nchi. Kisha akamwambia mwanangu kwamba itabidi asimame mbele ya majaji aeleze ripoti yake, na hakuna anayejua kama atarudi na kazi yake. Mwanangu akaitikia kwa kichwa. Nilitamani meza inimeze.

Nikapewa karatasi tupu na kalamu ya wino. Niliandika saa, niliandika nafasi saba, niliandika kwamba nilipika. Niliandika habari ya kifutio. Mkono ulitetemeka, mwandiko ukawa wa mtu mwingine. Mwanangu alikuwa ameiendea ramani. Nilimsikia anachomoa pini ya Kisigino. Hakunitazama.

"Na hivi vistari vya pembeni?" wakili akauliza. "Kumi na kimoja. Yule mzee lazima ataviuliza. Atasema ndiyo hesabu ya siri ya kupikia."

Niliwaza kumwambia tena kwamba sikumbuki. Nilikuwa nimechoka kuogopa, na bado naogopa. Nikaandika:

*Vistari hivi nilivichora mimi siku ile ile, nikiwa nimelala chali, macho nimefumba, daftari kifuani. Si vya bahari. Nilikuwa nasubiri mtoto acheze tumboni, na kila alipopiga teke nilichora kimoja, kwa sababu tulifundishwa kuandika kila tunachokiona. Kwa muda huo wote, hivi ndivyo vipimo pekee nilivyovichukua kweli.*

Wakili alisoma, akampa mwanangu. Mwanangu alisoma haraka, mara moja, amekunja uso, kama anavyosoma barua za ofisi. Kisha akarudia. Safari hii alilifungua daftari ukurasa wa kumi na nne, akaliweka karibu na karatasi yangu, akashusha kidole chake pembeni, juu ya kistari cha kwanza, kisha cha pili, kimoja kimoja, midomo inachezacheza, mpaka wa mwisho.

"Kumi na kimoja," akamwambia wakili, na sauti yake haikuwa imara. "Ni sahihi. Andika nimehakiki."